Alikaimu Mpaka Akastaafu

Alikuwa na jina zuri la ubatizo ambalo hapa kwetu Mkuyuni, Mwanza, hakuna aliyelitumia. Walimu wenzake, wazazi, muuza mkaa, hata katekista alipokuwa akisoma majina ya wanaotakiwa kubaki baada ya misa, wote walimwita Kaimu. Nami nitamwita hivyo hivyo, maana ukinitajia jina lake halisi nahitaji kufikiri kidogo kabla sijajua unamzungumzia nani. Alikuwa kaimu mkuu wa shule ya sekondari ya binafsi iliyo juu kwenye mawe, nyuma ya nyumba zetu. Alikaimu nikiwa mwanafunzi wake, alikaimu nilipomaliza chuo, na alikuwa bado anakaimu siku tulipomuaga. Kila aliyemfahamu alijua kwamba mtu huyu anataka kitu kimoja tu: aache kuwa kaimu, awe mkuu wa shule kamili, walau kwa mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Nasema mapema kwamba hakukipata, msomaji asije akanilaumu mbele ya safari.

Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa na meza kubwa yenye kioo juu yake, na nyuma ya meza kiti cha kuzunguka. Kaimu hakukikalia. Alikalia kiti cha wageni, upande wa huku, akawa anaandikia kwenye ukingo wa meza huku mgongo ameuelekeza mlangoni. Ukiingia kuomba ruhusa unakutana kwanza na kola ya koti la kijivu na kisogo. Wazazi wageni walikuwa wanakisalimu kile kisogo, kisha wanauliza mkuu wa shule atarudi saa ngapi. Hakuwasahihisha. Aliwaambia, "Yuko njiani, karibuni, semeni shida yenu," akawahudumia mpaka mwisho, nao wakateremka mlima wakidhani wamehudumiwa na karani.

Halafu ile kny yake. Barua zote za shule alizisaini "kny Mkuu wa Shule", yaani kwa niaba ya, jambo ambalo ni sawa kabisa kwa mtu anayeshika nafasi siku mbili tatu bosi akiwa safarini. Yeye alikuwa anasaini kwa niaba ya mtu ambaye hakuwepo. Mkono ukazoea. Nilimwona kwa macho yangu, kwenye harusi ya dada yangu, akiandika kny kwenye bahasha ya mchango wake mwenyewe, kisha akaifuta haraka kwa kidole kama aliyemwaga chai. Mkewe, aliyekuwa na duka la vitenge sokoni na mdomo usio na breki, alikuwa anasema mbele za watu, "Mimi nimeolewa na kwa niaba. Mume mwenyewe hajafika bado." Tulicheka sana. Kaimu naye alicheka, ila kwa kuangalia chini.

Simu ya mwenye shule aliipokea amesimama. Mwenye shule alikuwa mzee mfanyabiashara wa malori, mtu wa kucheka kwa sauti, asiye na ukali wowote niliowahi kuuona, na alikuja shuleni mara chache kama askofu. Lakini simu yake ikiita, Kaimu anainuka popote alipo, anafunga kifungo cha koti, ndipo anaweka simu sikioni. Siku moja iliita tukiwa kwenye basi, safari ya kitaaluma ya kidato cha tatu, akasimama basi likiwa linakwenda, akagonga kichwa kwenye chuma cha juu, akasema, "Ndiyo Mzee, tuko salama Mzee." Sisi wanafunzi tulikuwa na kazi ya kumwigiza mwaka mzima.

Mtu huyo huyo, ukimletea tangazo la kazi, unaona amekuwa mwingine. Mkuyuni kuna vijana wengi wenye vyeti ndani ya bahasha za nailoni, wanashinda kwenye vibaraza wakisema "nasikilizia". Kaimu hakuweza kupita mbele ya kibaraza kama hicho akanyamaza. Alisimama, akaomba simu ya mmoja wao, akasogeza tangazo juu na chini kwa kidole gumba, akasema, "Hii hapa. Umeomba?" Kijana anasema wanataka uzoefu wa miaka mitano. Kaimu anapandisha sauti mpaka wauza nyanya wanageuka.

"Huyo mtu waliyemwandika hapa hayupo!" alikuwa akisema. "Wameandika wanayemwota. Mwisho wa siku watachukua aliyekuja. Nenda."

Na kama kijana anaendelea kujitetea, anamwongezea jingine: "Kazi ya kukukataa ni yao. Wewe unawasaidia ya nini?"

Jumamosi mchana sebule yake iligeuka chumba cha usaili. Makochi yanasukumwa ukutani pamoja na vitambaa vyake vya kusuka, stuli inawekwa katikati, na yeye anakaa nyuma ya meza ya kahawa pamoja na mkewe na yeyote aliyekuja kuazima chumvi. Hao ndio jopo. Unatoka nje, unagonga hodi, unaingia. Alikuwa mkali pale kuliko darasani. Ukiingia kwa kunyata anakurudisha nje, ugonge upya, hata kama jua linawaka. Kisha anauliza swali lake: kwa nini tukuchukue wewe tuwaache wenzako? Sisi tumelelewa kwamba mtu hajisifu mwenyewe, kwa hiyo wengi tulijibu kwa unyenyekevu, "Nitashukuru mkinisaidia." Hapo alipiga meza kwa kiganja. "Msaada hawakuutangaza! Wametangaza kazi!" Wapo wasichana waliotoka mle ndani wakilia, na mkewe akawafuata na glasi ya maji huku akimtukana mumewe kwa Kikerewe.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimaliza stashahada ya ugavi nikakaa nyumbani mpaka mama akaacha kuniuliza, na kuacha kwake kuliniuma kuliko maswali. Hospitali moja ikatangaza nafasi ya msaidizi wa stoo, mwenye uzoefu usiopungua miaka mitatu. Uzoefu wangu wote ulikuwa ni kumpangia shangazi kreti za soda. Nilimwambia Kaimu kwamba mimi sina hata mwezi mmoja.

"Wamekuuliza una miezi mingapi?" akasema. "Wamesema walete maombi wenye sifa. Nani kakwambia wewe huna sifa? Kaa, uandike."

Niliandika, na nikaitwa. Sebuleni kwake nilikuwa nimefanya mazoezi mpaka nikawa bingwa. Nilikuwa nagonga hodi kama afisa wa kodi. Lakini mle ndani nilikuwa na suruali, na jopo lilikuwa Kaimu na mama wa vitenge. Siku yenyewe nilivaa gauni, nikaingia, nikamkuta mwenyekiti wa jopo ni mzee wa mvi anayefanana na baba yangu mkubwa. Nyumbani kwetu ni Wasukuma, binti anamsalimia mkubwa kwa kupiga magoti, na mwili wangu ulikuwa unalijua hilo tangu sijajua kusoma. Magoti yalikwenda chini yenyewe. Nikajikuta niko sakafuni, bahasha ya vyeti kifuani, nasema, "Shikamooni." Mama mmoja wa jopo alificha kicheko nyuma ya faili. Mzee akasema kwa upole, "Marahaba mwanangu. Inuka, inuka, kaa kwenye kiti." Nilikaa kwenye kiti, lakini maswali yote niliyajibu kama vile niko bado pale chini. Kazi ile sikupata.

Nilirudi kwa Kaimu nikiwa nimevimba macho, nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umewapa heshima ambayo hawakuitangaza." Kisha akasema Jumatatu naandika barua nyingine. Jumamosi iliyofuata aliongeza zoezi jipya: mabinti wote tumsalimie tukiwa wima, tukimtazama machoni. Kwake yeye, mzee wa Ukerewe, ilikuwa adhabu. Nilimwona akibana midomo kila binti aliposema shikamoo akiwa amesimama kama mlingoti, na bado akatuambia, "Tena. Umeinamisha shingo." Ilichukua muda, lakini nilipata kazi kwenye stoo ya hospitali nyingine, na nipo mpaka leo. Bila yeye ningekuwa bado nasikilizia, na hilo sitalisahau hata nikiwa nimemkasirikia.

Sitaki msomaji adhani alikuwa hazina iliyofichwa. Alikuwa kaimu wa kawaida, na kwa mambo mengine alikuwa mbovu. Jambo lolote linalohitaji mtu kusema ndiyo au hapana, yeye alisema, "Mkuu akija." Vyoo vya wavulana vilianza kujengwa vikaishia usawa wa dirisha, mkuu akija tutaezeka. Kulikuwa na mwalimu wa jiografia aliyekuja amelewa asubuhi, akaelekea kwenye ramani ya Afrika akaishikilia asianguke. Mkuu akija atamwita. Mwalimu yule alilewa miaka yote. Wanafunzi tulitunga wimbo wa "mkuu akija" tukawa tunauimba wakati wa kudeki madarasa, na yeye akipita tunapunguza sauti kidogo tu.

Wakuu walikuja kweli, mmoja baada ya mwingine. Tangazo linabandikwa getini, karatasi moja yenye muhuri wa shule: anahitajika mkuu wa shule, awe na shahada ya ualimu, awe na uzoefu. Kaimu alikuwa na stashahada. Tulisimama pale kulisoma, walimu na wanafunzi na wapita njia, naye anasimama nyuma yetu, mikono mgongoni, analisoma kama mtu aliyeona tangazo la kifo cha asiyemjua limebandikwa ukutani. Walimu wanamgeukia.

"Kaimu, safari hii omba bwana. Shule yote hii unaishikilia wewe."

"Wamesema shahada," anajibu.

"Si unatuambia kila siku aliyeandikwa hayupo?"

"Hiyo ni kwenu. Kuongoza shule ni jambo jingine."

Akaja mkuu mmoja anayenukia marashi, hakumaliza hata muhula. Akaja mwingine akawa analala ofisini kwa sababu mkewe hakutaka kuhamia Mwanza. Mwingine aliondoka kwenda kugombea udiwani kwao. Kila mmoja Kaimu alimpokea chini barabarani, akambebea begi mpaka juu kwenye mawe, akamfungulia ofisi na kumwonyesha kile kiti. Na ni lazima niseme ukweli ulionichanganya muda mrefu: zile wiki ambazo mkuu alikuwepo, Kaimu alikuwa kijana. Alipiga mluzi. Alicheza bao na mlinzi. Mkuu akiondoka, siku ya pili tu uso wake ulikuwa umesawijika, na mkewe anasema usiku hageuki kitandani, analala chali kama maiti akiangalia dari. Alikitaka kile kiti kwa moyo wote, na kilimtia hofu kwa moyo huo huo. Mimi nilikuwa bado mdogo kujua kwamba vitu hivyo viwili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Kuhusu shahada, alijaribu. Kulikuwa na masomo ya jioni mjini, na mkewe alimletea fomu mwenyewe, akamjazia hata anwani. Ukurasa wa mwisho ulitaka idhini ya mkuu wa shule ya mwombaji. Wakati ule mkuu wa marashi alikuwa amekwisha kuondoka, kwa hiyo mwenye kutoa idhini alikuwa Kaimu, na mwenye kuomba idhini alikuwa Kaimu. Aliona haifai. Mtu hawezi kujiruhusu mwenyewe, alisema, hata mwenye shule akiona atashangaa. Mkewe akamwambia ampigie simu huyo mwenye shule. Akasema hawezi kumsumbua mzee kwa mambo yake binafsi, atasubiri mkuu mpya aje amsainie. Mkuu mpya alikuja masomo yakiwa yamekwisha kuanza. Mwaka uliofuata hakuna aliyethubutu kuitaja tena fomu pale nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mtaani hawapendi kulisema, nami nalisema kwa sababu nilikuwepo. Alikuwepo kijana muuza viatu vya mtumba, mwenye cheti cha uhasibu ambacho alikuwa amekata tamaa nacho. Viatu vilikuwa vinamlisha. Kaimu alimwandama mpaka akaomba nafasi serikalini, nafasi kubwa kidogo kuliko cheti chake, na akaitwa Dodoma kwenye usaili wa kuandika. Tulishangilia kana kwamba amekwisha kuajiriwa. Ili apate nauli na mahali pa kulala aliuza viatu vyote kwa mkupuo, hata turubai la kuvitandikia. Kule alikuta ukumbi umejaa mpaka watu wengine wamekaa kwenye ngazi, wenye shahada mbili mbili. Alirudi hana kazi, hana viatu.

Alikuja moja kwa moja kwa Kaimu, Jumamosi, mazoezi yakiwa yanaendelea. Hakugonga hodi. Alisimama mlangoni na begi lake la safari bado begani.

"Kaimu, wewe mwenyewe mbona huombi?"

Msichana aliyekuwa kwenye stuli alishuka taratibu akaenda kukaa na wengine.

"Mimi sina shahada, mwanangu," Kaimu akasema.

"Na mimi nilikuwa na nini?"

Kijana alisubiri, nadhani kwa kweli alikuwa anataka jibu, halafu akageuka akaondoka. Baadaye tulisikia amevuka Busisi kwenda Geita kwenye machimbo, na kule hatujui alifikia wapi. Makochi yalirudishwa mahali pake, na kwa muda mrefu hakukuwa na usaili pale nyumbani. Nilipita siku moja nikamkuta Kaimu amekaa peke yake kwenye ile stuli, katikati ya sebule, taa haijawashwa. Niliondoka bila kubisha hodi.

Mwaka wa mwisho wa Kaimu kazini, yule mkuu wa udiwani alikuwa ameondoka na nafasi ilikuwa wazi. Sisi tuliopitia mikononi mwake tulifanya kama kikao, tukamfuata. Nikamwambia mimi, kwa kuwa walinituma: "Mwalimu, umri wa kustaafu huu hapa. Usipoomba safari hii, basi. Hata wakikunyima utakuwa umenyimwa na wao." Yalikuwa maneno yake mwenyewe, na nilimwona yakimpata. Alisema atalifikiria. Mkewe alimshonea hata suti, kitambaa cha bluu nzito, bila kusema ni ya nini. Tulisubiri tangazo litoke. Lilipobandikwa getini lilikuwa lile lile, shahada ya ualimu, na sasa limeongezwa kwamba mwenye shahada ya uzamili atapewa kipaumbele. Kaimu alilisoma mikono mgongoni. "Mnaona?" akatuambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Ile suti ya bluu aliivaa siku ya kuagwa.

Sherehe ilifanyika kwenye bwalo. Tulikula pilau na sato wa kukaanga, kwaya ya shule ikaimba, wazazi wakamfunika yeye na mkewe vitenge mpaka wakawa kama watu waliojificha mvua. Kisha mwenye shule akapewa kipaza sauti. Alikuwa na furaha ya kweli, mzee wa watu, na alimpenda Kaimu, hilo halina ubishi.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu bwana nimemsubiri sana. Kila nafasi ikiwa wazi nasema, safari hii Kaimu ataomba, nimpe shule yake nipumzike. Nauliza, maombi yamekuja? Yamekuja Mzee. La Kaimu limo? Halimo. Nikasema basi, hapendi ukubwa, nisimsukume mtu." Watu walianza kucheka. "Zile sifa wanazoandika mimi wala sizisomi! Mimi ni mtu wa malori, hata darasa la saba sikulimaliza! Mimi nilikuwa natafuta jina lake tu."

Bwalo zima lilicheka na kupiga makofi. Nilimtazama Kaimu. Naye alikuwa anapiga makofi, mikono ikitokea ndani ya vile vitenge, akitabasamu kwa mwenye shule. Mkewe hakupiga. Alikuwa amemgeukia mumewe, anamwangalia upande wa uso, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikuona neno lolote mdomoni mwake. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mawe, ziwa liko kule chini limetulia, nikalia kwa hasira. Sikujua nimkasirikie nani. Miaka yote ile, mlango haukuwa umefungwa. Nilidhani siku ile kwamba hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kuyasikia juu yake.

Walihamia kwao Nansio, kisiwani Ukerewe. Nilikaa muda bila kumwona, mpaka kazi iliponipeleka Ukerewe kukagua mzigo wa dawa, nami nikamaliza mapema nikaulizia nyumba ya Mwalimu. Ukerewe walikuwa wanamwita Mwalimu tu. Nilimkuta nyuma ya nyumba anatengeneza banda la kuku, ameshika koleo na waya, kavaa fulana na kaptula. Sikuwahi kumwona bila koti. Alikuwa amekonda, lakini si kwa ugonjwa. Mkewe alikuwa sokoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, karibu mwanangu. Bado uko stoo?"

"Niko bado. Bosi wangu anahama. Nafasi yake wataitangaza."

"Omba," akasema, macho kwenye waya.

"Watataka shahada, Mwalimu."

"Huyo watakayemwandika hayupo. Wewe omba."

Alilisema kirahisi, kama mtu anayekuambia ufunge mlango ukitoka. Damu ilinipanda. Nikamwambia kwamba nina swali, na asiponijibu narudi kupanda meli sasa hivi. Nikamuuliza kwa nini hakuomba, hata mara moja, na nikamkumbusha maneno ya mwenye shule pale bwaloni, kwamba alikuwa hazisomi hata zile sifa.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa nayajua hayo."

"Unayajua tangu lini?"

Alikata kipande cha waya, akakinyoosha kwenye goti.

"Tangu mwanzo. Mzee alikuwa ananipigia simu, anasema, Kaimu, mkuu ameondoka, tangaza. Basi. Hana habari zaidi ya hapo. Tangazo nilikuwa naandika mimi, muhuri napiga mimi, na kubandika nabandika mimi alfajiri kabla hamjafika. Mara ya kwanza nilinakili la shule nyingine. Zilizofuata nikawa naandika kwa kichwa."

Sikuelewa mara moja, au nilielewa nikakataa. Nilimwona tena amesimama nyuma yetu pale getini, mikono mgongoni, akisoma pamoja na sisi.

"Na lile la mwisho? La uzamili?"

"Mlikuja nyumbani," akasema. "Mlinitisha."

Kuku mmoja aliingia kwenye banda lisilo na mlango akatoka tena. Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa na hasira tena, ilikuwa inaomba: kama angeandika stashahada, nani angemzuia? Akasema hakuna. Nikamuuliza, basi kwa nini, Mwalimu, kwa nini hukuandika stashahada?

Aliweka koleo chini, akanitazama usoni.

"Ningeandika stashahada," akasema, "ningelazimika kuomba."